Kupanga majina kwa alfabeti bila kumpa mtu taarifa za mwenzake (uzi maalumu)

karani_wa_orodha (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu kwa miaka mingi ni orodha: za wanafunzi, za wanachama, za wanaolipwa. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya kosa nililolifanya nikiwa bado mgeni kazini, na bado naona watu wanalirudia kila siku.

Nilipewa faili lenye watu mia tatu na ushei, nikaambiwa lipangwe kwa alfabeti. Nikabofya seli moja kwenye kolamu ya majina, nikabonyeza kitufe cha A hadi Z. Majina yakapangika. Ambacho sikukiona ni kwamba kati ya majina na namba za akaunti palikuwa na kolamu tupu, nyembamba kama uzi, ambayo mtu aliiacha ili karatasi ikichapishwa ipendeze. Kwa Excel, kolamu tupu ni mwisho wa orodha. Kwa hiyo majina yalihama, akaunti na malipo vikabaki palepale. Hakuna onyo lililotokea. Nikahifadhi, nikafunga, nikatuma.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani. Kila mstari una jina, una akaunti, una kiasi. Jumla ya chini iko vilevile, haijapungua hata senti. Ukikagua hesabu, hesabu ni sahihi. Kilichoharibika ni nani ni nani, na hicho hakina fomula ya kukihakiki. Aliyetugundulia ni mtu mmoja aliyepokea kiasi kisicho chake, akawa mwaminifu wa kusema.

Ndiyo maana nasema: ukibonyeza A hadi Z hupambi karatasi, unahamisha watu. Kila mtu lazima ahame na mizigo yake yote.

Mambo ninayoyafanya sasa kabla ya kugusa kitufe:

Kwanza naongeza kolamu mwanzoni kabisa na kuijaza 1, 2, 3 mpaka mwisho, namba za kuandikwa, si fomula. Hiyo ndiyo njia yangu ya kurudi nyumbani. Nikishapanga kwa jina, kwa tarehe, kwa chochote, nikitaka mpangilio wa awali napanga kwa kolamu hiyo na kila mtu anarudi kwake. Ctrl+Z nayo inasaidia, ila faili likishafungwa historia hiyo inakufa.

Pili natafuta kolamu tupu na mistari mitupu na kuifuta. Njia ya haraka: simama ndani ya orodha, bonyeza Ctrl+A mara moja, tazama rangi ya kuchagua imefika wapi. Ikiishia katikati, kuna pengo.

Tatu nafichua kila kilichofichwa. Kwenye Excel, mistari iliyofichwa haihami unapopanga. Wenzake wanasafiri, yeye anabaki.

Nne nageuza eneo zima kuwa jedwali kwa Ctrl+T. Likishakuwa jedwali, ukipanga kolamu moja mistari yote inakwenda nzima. Hili ni kinga kubwa kuliko zote na ni la sekunde mbili.

Na ukiona kidirisha kinakuuliza uchague kati ya "Expand the selection" na "Continue with the current selection", la kwanza ndilo lenye usalama. La pili linapanga ulichochagua tu na kuacha vingine. Watu wengi wanabonyeza Enter bila kusoma. Soma.

Karibuni kwa maswali. Najua kwenye majina kuna mengi zaidi ya haya.

---

mhasibu_chipukizi

Asante sana mkuu. Mimi langu ni dogo. Nikipanga, kichwa cha kolamu kinaingia ndani ya orodha, na mstari wa jumla pia unapotelea katikati. Nimeutafuta juzi nikaukuta juu huko.

---

karani_wa_orodha

Kichwa: kwenye dirisha la Sort kuna kisanduku cha "My data has headers". Kisipowekewa tiki, programu inadhani neno JINA ni jina la mtu, inalipeleka kati ya Jamila na Joseph. Excel hujaribu kukisia yenyewe, na mara nyingi inakisia vizuri, lakini kama kichwa chako kimeandikwa kwa mtindo uleule wa maandishi ya chini yake inaweza kukosea.

Jumla ni hatari zaidi. Mstari ulioandikwa "Jumla" kialfabeti unakaa baada ya Juma na kabla ya Justina, na ndiko ulikoukuta. Fomula iliyomo nayo haihesabu tena ulichokusudia. Weka jumla juu ya vichwa, au acha mstari mtupu kati yake na orodha, au tumia Total Row ya jedwali la Ctrl+T, hiyo haichanganywi na watu.

Na kama una fomula inayochukua thamani kutoka mstari wa juu yake, mfano salio la kukimbia, usipange kabisa kabla ya kuzigeuza kuwa thamani kwa Paste Values. Fomula hizo zinategemea jirani, na ukipanga jirani anabadilika.

---

mwalimu_wa_zamu

Mimi tatizo langu ni jina la ukoo. Orodha imeandikwa "Juma Hamisi Mrisho" kwenye seli moja. Mkuu wangu anataka ipangwe kwa jina la mwisho. Wengine wana majina mawili, wengine matatu, mmoja ana manne.

---

karani_wa_orodha

Mwalimu, hapa ndipo penye utajiri wote wa jambo hili, niruhusu nirefushe.

Ukitumia Text to Columns kukata kwenye nafasi, mwenye majina mawili jina lake la mwisho litaangukia kolamu ya pili, mwenye matatu ya tatu, mwenye manne ya nne. Ukipanga kwa kolamu ya tatu, wenye mawili wanakuwa na seli tupu, na Excel hupeleka seli tupu mwisho daima, upange kwa kupanda au kwa kushuka. Kwa hiyo usikate kutoka kushoto. Chukua kutoka kulia.

Kwa toleo lolote la Excel, hata la zamani:

=TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",REPT(" ",100)),100))

Inafanya hivi: kila nafasi moja inageuzwa kuwa nafasi mia, kisha inachukua herufi mia za mwisho, ambamo lazima lipo jina la mwisho peke yake na nafasi tele mbele yake, halafu TRIM inazifagia. Ukishaielewa hutaisahau. Ila jina likiwa na nafasi mwishoni utapata patupu, hivyo andika TRIM(A2) badala ya A2 ndani yake.

Mwenye Microsoft 365 anaandika kwa ufupi =TEXTAFTER(TRIM(A2)," ",-1,,,TRIM(A2)). Ile -1 maana yake anza kuhesabu kutoka mwisho. TRIM ya mwisho ni kwa mwenye jina moja tu, apewe hilohilo badala ya kosa.

Kuna pia Ctrl+E, iliyoingia na Excel 2013. Unaandika jina la mwisho la mtu wa kwanza kwa mkono, unabonyeza, yenyewe inaiga hadi chini. Naipenda kwa kazi ndogo. Kwa orodha ya watu mia tano siiachi bila kuipitia mstari kwa mstari, kwa sababu inakisia, na inapokisia vibaya haisemi.

Ukishapata kolamu ya jina la mwisho, ingia Data, Sort, weka ngazi ya kwanza jina la mwisho, ongeza ngazi ya pili jina kamili. Bila ngazi ya pili, akina Mrisho kumi watakaa pamoja lakini kati yao mpangilio ni wa bahati tu, ule waliokuwa nao mwanzo. Excel tangu toleo la 2007 inakubali ngazi hadi 64. Kabla ya hapo zilikuwa 3 tu.

---

mtunza_kumbukumbu

Naomba nitofautiane kidogo na mwalimu na mkuu wake. Kwa nini jina la mwisho? Hiyo ni desturi ya baadhi ya nchi, si sheria ya ulimwengu. Iceland hupanga watu kwa jina la kwanza hata kwenye kitabu cha simu, kwa kuwa jina la mwisho kwa walio wengi ni "mwana wa fulani", si la ukoo. Hungary, China na Japani jina la ukoo ndilo huandikwa mwanzo, ukichukua neno la mwisho umechukua jina la mtu binafsi. Wadachi wa Uholanzi humweka Van Gogh kwenye G, ilhali Ubelgiji mwenye "Van" hukaa kwenye V.

Na sisi tuna bin na binti. "Salim bin Said" ukichukua neno la mwisho unapata Said, sawa. Lakini "Salim Bin-Said" wa karani mwingine anakwenda kwenye B. Na "Al-" je? Mmoja kaandika Al-Amin, mwingine Al Amin, mwingine Alamin. Mtu yuleyule ana makazi matatu kwenye orodha moja.

Ushauri wangu: amueni mapema orodha inatafutwaje. Kama watu wanakuja dirishani wanajitaja kwa jina la kwanza, panga kwa jina la kwanza. Orodha ni ya kumtafutia mtu.

---

karani_wa_orodha

Mkuu, nakubaliana nawe, tena hoja yako ya dirishani naichukua. Ninachoongeza: uamuzi wowote mtakaoufanya, msiuache ndani ya fomula. Wekeni kolamu maalumu, iiteni "Jina la kupangia". Kwa kawaida inajazwa na fomula, lakini kwa Al-Amin na wenzake karani anaandika kwa mkono neno moja lililokubaliwa. Jina halisi la mtu linabaki kama mwenyewe anavyoliandika. Si haki kumbadilishia mtu jina ili kompyuta ifurahi.

---

dada_wa_mapokezi

Samahani nauliza. Kuna majina kwenye orodha yangu yanakaa juu kabisa kabla ya A. Zainabu yuko wa kwanza! Nimepanga mara tatu.

---

karani_wa_orodha

Dada, weka kishale ndani ya hiyo seli, nenda mwanzo wa jina. Karibu nina hakika kuna nafasi kabla ya Z. Nafasi inatangulia herufi zote. TRIM itaiondoa: kolamu ya pembeni andika =TRIM(B2), shusha hadi chini, nakili, bandika kama thamani juu ya majina ya zamani.

---

dada_wa_mapokezi

Nimefanya. Wengine wameondoka, Zainabu bado yupo palepale.

---

karani_wa_orodha

Jina lake lilinakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa wavuti?

---

dada_wa_mapokezi

Ndiyo, fomu ya mtandaoni.

---

karani_wa_orodha

Basi hiyo si nafasi ya kawaida. Ndani ya kompyuta kila alama ina namba yake, na nafasi ya kibodi ni namba 32. Kurasa za wavuti hutumia nyingine, namba 160, isiyokatika. Kwa macho ziko sawa kabisa, lakini TRIM inaijua ya 32 tu. Tumia =TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," ")). Kwanza inageuza 160 kuwa nafasi ya kawaida, kisha TRIM inaiona.

---

dada_wa_mapokezi

Amekwenda chini! Asante sana kaka. Nilishataka kumfuta na kumwandika upya.

---

mtunza_kumbukumbu

Kwa kuwa tumeingia kwenye alama zisizoonekana: Ng'. Nimehangaika na majina ya Ng' kwa muda mrefu. Kwenye faili moja Ng'ombe anatangulia Ngao, kwenye jingine anakuja baada ya Ngoma. Ipi sahihi?

---

karani_wa_orodha

Zote zimefuata kanuni yake. Excel unapopanga hairuki nafasi, lakini inaruka kibainishi (') na kistari (-), kana kwamba havipo. Kwake Ng'ombe ni "ngombe", kwa hiyo Ngao, Ngoma, Ng'ombe. Programu inayopanga kwa namba za herufi inaona kibainishi ni namba 39, kiko chini ya herufi zote, basi Ng'ombe anatangulia wote wenye Nga. Ukipanga kwa njia hiyo ya namba utakuta pia herufi kubwa zote zimetangulia ndogo, kwa kuwa A ni 65 na a ni 97, hivyo "asha" aliyeandikwa kwa herufi ndogo anakuja nyuma ya Zuhura. Excel haina shida hiyo, haijali kubwa na ndogo mpaka uiambie.

Lakini kuna balaa kubwa kuliko mpangilio. Word hukigeuza kibainishi kilichonyooka kuwa kilichopinda, namba 8217. Jina lililochapwa kwenye Excel na lililobandikwa kutoka Word yanafanana kwa jicho, ila ukitafuta moja hupati jingine. Mimi nageuza yote kuwa ya kunyooka kabla ya kazi: =SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(8217),"'").

Kila lugha ina mambo yake hapa. Waswidi huweka å, ä na ö baada ya z. Wajerumani wana kanuni mbili za ä, moja ya kamusi na moja ya kitabu cha simu ambamo ä huhesabiwa kama ae. Wahispania waliacha kuzihesabu ch na ll kama herufi zenye fungu lake mwaka 1994. Kwa hiyo angalia lugha iliyowekwa kwenye programu kabla ya kulalamika kwamba imekosea.

---

wa_libreoffice

Nichangie kwa sisi tusiotumia Excel. Calc ya LibreOffice ina chaguo la lugha ndani ya dirisha lilelile la kupanga, na ina kingine kizuri, "Enable natural sort". Orodha yenye Kikundi 1, Kikundi 2, Kikundi 10 kwa kawaida inatoka 1, 10, 2, kwa sababu inasomwa kama maandishi, herufi kwa herufi. Ukiweka tiki hapo inatoka 1, 2, 10. Excel haina kitu hicho, inabidi uandike 01, 02, 10.

Kuanzia toleo la 24.8 tuna pia SORT na SORTBY kama fomula.

---

karani_wa_orodha

Umenikumbusha jambo zuri mkuu. Kwenye Excel 2021, Microsoft 365 na Google Sheets nako SORT ipo. Andika kwenye shiti nyingine =SORT(A2:D300,2,1) kwenye Excel, au TRUE mahali pa 1 kwa Sheets, upate nakala iliyopangwa kwa kolamu ya pili. Orodha mama haijaguswa. Kwa faili linaloshikwa na watu wengi, mimi naona hii ndiyo njia ya kistaarabu. Kwenye Sheets pia kuna filter view, kila mtu anapanga mwonekano wake bila kumvurugia mwenzake. Na kumbukeni, "Sort range" ya Sheets inapanga eneo ulilolichagua, basi. Chagua kolamu zote.

Mwenye majina kwenye Word, si lazima kuyahamisha. Yachague, bonyeza Sort, ingia Options, weka nafasi kama kitenganishi. Hapo utaweza kupanga kwa Word 2 au Word 3, yaani jina la pili au la tatu.

---

mhasibu_chipukizi

Mkuu nina shida na sijui nianzie wapi. Baada ya kusoma uzi huu nimefungua faili langu la michango. Nimegundua mimi pia nilipanga majina peke yake. Si leo. Wiki mbili zilizopita. Nimehifadhi na kufunga mara nyingi. Kolamu ya simu na ya michango hazilingani na majina. Naomba msaada tafadhali.

---

karani_wa_orodha

Pole sana ndugu yangu. Kwanza acha kuligusa. Usipange tena, usijaribu kurekebisha kwa kumbukumbu ya kichwa. Linakili faili lote kwa jina jipya na ufanyie kazi nakala.

Nikwambie ukweli: hakuna fomula itakayokurudishia. Uhusiano wa jina na mstari wake ukishakatwa, ndani ya faili lenyewe haupo tena. Lazima uupate nje. Kama faili liko OneDrive au Google Drive, tafuta historia ya matoleo, utazame la siku kabla ya kupanga. Kama liko kwenye kompyuta tu, pitia barua pepe ulizotuma. Mara nyingi kuna kiambatisho cha zamani. Pitia flashi. Ulizia aliyewahi kukichapisha, hata karatasi inatosha.

---

mhasibu_chipukizi

Nimepata! Kiambatisho cha mwezi uliopita, kwenye barua zilizotumwa. Majina yako na simu zake. Ila baada ya hapo niliongeza watu 14 na michango mingi.

---

karani_wa_orodha

Vizuri sana. Una michango mipya kwenye mistari ambayo namba ya simu bado iko nayo pamoja, sivyo? Majina ndiyo yaliyohama, simu na mchango hazikuachana. Basi usitafute kwa jina. Chukua simu kama ufunguo, na jina ulivute kutoka faili la zamani kwa XLOOKUP, fomula inayotafuta ufunguo kwenye orodha na kukuletea kilicho kwenye mstari wake. Kama huna XLOOKUP, tumia VLOOKUP, kwenye shiti la zamani simu ikae kushoto ya jina, na mwisho wa fomula uandike FALSE. Usiache wazi. Ukiacha wazi VLOOKUP inadhani orodha imepangwa kwa kupanda na inaweza kukupa mtu mwingine kabisa bila kuonya.

Hakikisha pia simu zote ni maandishi au zote ni namba. 0 ya mwanzo ikipotea upande mmoja hazitakutana. Na tazama kama kuna namba moja inayotumiwa na watu wawili, hao wa nyumba moja wanaochangia simu uwahakikishe kwa mkono.

Wale 14 wapya hawatapatikana humo. Wapigie.

---

mhasibu_chipukizi

Nimemaliza usiku huu. Waliopatikana kwa simu wote wamekaa sawa, niliwajaribu ishirini kwa risiti. Wapya nimepiga simu kwa 11, watatu hawakupokea, nitarudia kesho asubuhi. Nimeongeza kolamu ya namba mwanzoni kama ulivyosema, na nimelifanya lote kuwa jedwali.

---

karani_wa_orodha

Hao watatu waachie seli ya jina wazi mpaka wapokee.